Mreno Aliyekuja Kumshukuru Mama

Benchi letu liko chini ya mlima, pale mabasi ya kupanda kwenda Tianchi, ziwa la kileleni, yanapogeuzia. Ukungu ukiwa mzito watalii hawapandi, na watalii wasipopanda sisi hatuna kazi ila kunywa chai ya chupa moja na kutafuna mbegu za alizeti. Waziri wa Ukungu, dereva mstaafu, hutabiri saa ambayo ziwa litaonekana. Tangu nimjue hajapatia hata siku moja. Mwenzetu tunayemwita Redio hukodisha makoti mazito ya jeshi kwa wanaokuja mlimani na kaptula, na umbea wake unakimbia kuliko basi. Mimi wananiita Digrii. Miaka minne ya Kiingereza, barua mia mbili na kumi na saba za kuomba kazi, na ofisi niliyopata ndiyo hii, haina hata ukuta wa kuegemea. Hatua kumi kutoka hapo mama yangu anauza mayai yaliyochemshwa kwenye chemchemi za maji ya moto za mlimani, akiyatunza na joto lake kwenye sufuria kubwa.

Asubuhi hiyo Mreno alikuja tena.

— Huyooo, akasema Redio. Mara ya nne. Na boksi lake.

Jana yake huyu Mreno, Abílio, alipanda ziwani na viatu vya ufukweni, akaiacha njia ya ngazi ili apate picha nzuri, ukungu ukamfunika. Mama alikuwa anashuka na ndoo zake, akamsikia akipiga kelele. Akamkamata mkono wa shati kama anayevuta mbuzi, akamshusha saa nzima, huku akimgombeza kwa lugha ambayo mwenzake hakuelewa hata neno. Leo kaja kushukuru, na basi lake la uwanja wa ndege linaondoka saa tano. Mama amelikataa boksi mara tatu. Mara ya tatu alijificha nyuma ya sufuria.

— Hawa laowai, bwana, akasema Waziri. Wageni wote wa ng'ambo wako hivi. Kwao asante zinahesabiwa. Usipofikisha ishirini kabla ya jioni, polisi wanabisha hodi.

— Uongo huo, nikasema.

— We umefika kwao?

— Wewe je?

— Mimi nimewabeba miaka thelathini, Digrii! Nikifunga mlango, asante. Nikifungua, asante. Nikikanyaga breki wakagonga vichwa, asante!

Redio akatema ganda la mbegu.

— Waziri, hujui kitu. Huyu kaja kuoa.

Chai ikanipalia.

— Kohoa tu, mwanangu, lakini zoea. Mama yako, Dada Qiu, ni mjane mwaka wa tisa, anajua kupika, ana mapafu ya kupandia mlima. Lile boksi ni posa.

— Ni chokoleti. Nimesoma maandishi.

— Si ndiyo posa yao!

Waziri hakukubali kupitwa.

— Sikilizeni. Ule ukungu wa jana haukuwa wa kawaida. Yule mnyama anayesemekana kuishi ziwani alimchukua Mreno, akaleta mwingine. Mreno wa jana hakuwa na adabu hivi.

— Kwa hiyo mnyama ndiye anayesema asante?

— Mnyama amelelewa, Digrii. Si kama wewe.

Mama, ambaye haniiti Digrii, akapaza sauti kutoka penye sufuria.

— We Yanbo! Mwambie aende zake, basi litamwacha. Mtu alikuwa anaanguka, nikamshika. Ningemwacha?

Kwetu sisi asante ni ya mtu baki. Ukimwambia mama asante kwa bakuli la uji, atakuwekea mkono kwenye paji aone kama una homa. Ukirudia, atauliza amekukosea nini mpaka unamfanya mgeni. Hayo nilimweleza Mreno kwa Kiingereza changu chenye cheti. Akakaa kwenye benchi, boksi mapajani.

— Nina watoto wawili, akaniambia. Jana nimekaa juu ya jiwe, hata miguu yangu siioni, nilikuwa nawaaga kwa sauti. Siwezi kupanda ndege hivi hivi, kama mtu aliyenunua yai.

Nikawatafsiria wenzangu. Redio akaacha kutafuna.

— Wewe ni mwanawe, akaendelea Mreno. Wewe unamshukuruje?

Hilo nalo nikalitafsiri, maana nilitaka mtu anisaidie. Waziri, mwenye jibu la kila wingu, akatazama buti zake.

— Mimi mama yangu... akaanza. Akainama kufunga kamba zake.

Redio akafungua chupa ya chai, akachungulia, akaifunga.

Hasira zangu zote najua pa kuzipeleka: kwa waajiri, kwa walimu walioniambia soma lugha utakula vizuri. Swali hili halikuwa na mtu wa kutukanwa. Jirani wakimuuliza mama mwanao siku hizi yuko wapi, yeye husema, "Anapumzika kidogo." Mwaka wa pili sasa napumzika, na hajawahi kuniuliza nitaamka lini.

Basi likapiga honi. Mama akaja mwenyewe, mikono inafuka mvuke, mayai mawili kwenye mfuko.

— Anasemaje tena huyu?

Mreno akasimama. Kiingereza kilikuwa kimemkimbia, akasema neno moja la kwao. Kireno sikijui, lakini neno lile halikuhitaji digrii.

— Anasema asante, mama.

Lilitoka kinywani mwangu, kwa lugha yetu wenyewe. Miaka ishirini na sita sikuwa nimewahi kumwambia, na sasa liko nje, siwezi kulimeza. Mama akalichukua boksi, akalibana kwapani. Akamsukumia Mreno mayai, akamsukuma na yeye mwenyewe mpaka mlangoni. Mlango ukafungwa, basi likageuka, likaondoka.

Mama akarudi, akasimama mbele yangu, akanitazama mpaka nikaona haya.

— Haya, akasema. Nimesikia.