Nyundo, Beki Aliyesomewa Majibu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Nyundo, beki wa kati aliyetikisa viwanja. Na niseme mapema: leo sina maneno ya kubembeleza.

Klabu yake ilituletea salamu za rambirambi tuzisome hewani. Zinasema Nyundo amefariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Muda mfupi! Nyundo aliugua miaka tisa. Narudia, miaka tisa. Aliugua Alzaima, ugonjwa wa ubongo unaomla mtu kumbukumbu kidogo kidogo mpaka asijue kijiko ni cha nini. Bintiye, fundi cherehani, aliposikia salamu hizo alimpigia mwenyekiti wa klabu.

"Nilikata simu kabla hajamaliza, niliogopa nitamtukana," anasema. "Halafu nikampigia tena, nikamtukana."

Wasikilizaji, Nyundo alikuwa mchomeleaji. Mchana anachomelea mageti, jioni yuko mazoezini. Shingo nene, kicheko kikubwa, mkono wazi. Mpira wa juu ulikuwa wake, hapo hapakuwa na mjadala. Lakini nyumbani, bintiye alikuwa na picha nyingine. Baba anarudi kutoka kwenye mechi, analala chumbani na taulo la maji usoni, mapazia yamefungwa. Mama anawafinya watoto wanyamaze. Kesho yake baba anaamka, anakunywa chai, anakwenda karakana. Basi ikaonekana ni kawaida.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonichoma. Kwenye timu ile, mchezaji akigongwa kichwa, daktari wa timu alikuwa anaingia na maswali matatu. Tunacheza na nani? Ni ngapi kwa ngapi? Ni kipindi cha ngapi? Ukijibu, unaendelea. Ukishindwa, unatoka. Utaratibu mzuri kabisa. Ila nahodha alikuwa anatangulia. Anainama, anajifanya anamlegezea mwenzake kamba za viatu, anamnong'oneza majibu yote matatu. Mchezo huo waliupa jina: "kumsomea". Nyundo alisomewa mara nyingi kuliko wote.

Siku ya fainali aligongana kichwa kwa kichwa na mshambuliaji. Akazimia. Alipoinuka akatembea moja kwa moja hadi kwenye benchi la wapinzani, akakaa. Uwanja mzima ukacheka. Nahodha akamfuata, akamsomea, akamrudisha. Na Nyundo akafunga kwa kichwa goli la ubingwa.

Sauti ya goli lile tunayo hapa studioni. Binti ametukataza kuipiga, na hatuipigi.

"Watu wote wanalikumbuka lile goli isipokuwa baba," anasema. "Hata jioni ile hakulikumbuka. Alisimuliwa."

Miaka ikapita, nahodha akawa anasimulia kisa cha benchi kwenye kila harusi. Watu wanashika mbavu, na Nyundo mwenyewe ndiye anayecheka zaidi.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Nyundo akachomelea geti bawaba zote upande mmoja na kitasa upande huohuo, akagombana na mteja siku nzima. Akaficha viatu vyake kwenye pipa la maji, akamwita bintiye mwizi. Mtaani wakasema amekuwa mlevi, na mtu mwenyewe pombe hakuwa anaijua. Siku moja akamrushia binti pasi ya moto. Binti anayo alama ya kuungua kiwikoni.

Wakampeleka hospitali. Daktari akauliza, leo ni siku gani? Nyundo akamwangalia mkewe. Mkewe, nyuma ya daktari, akachezesha midomo: Jumanne. "Jumanne," akasema Nyundo, akatabasamu. Mwezi, vilevile. Mwaka, vilevile. Daktari akasema ni uzee tu. Miaka miwili ikapotea hapo.

"Mama, kwa nini?" binti alimfokea njiani.

"Ulitaka nimwache aaibike mbele ya watu?"

Binti hakusema na mama yake wiki nzima, na wanalala nyumba moja.

Daktari wa pili aliwaweka wanawake nje. Akapima, akaagiza picha ya ubongo, kisha akawaita ndani, akataja ugonjwa. Binti akauliza kama chanzo ni vile vichwa alivyogongana uwanjani. Daktari hakumdanganya. "Siwezi kuapa kwamba ndivyo vilivyomletea," alisema. "Wapo wanaougua bila kugongwa, na wapo waliogongwa wasiugue. Lakini ubongo ukiumia vibaya, au ukiumia mara kwa mara, hatari inaongezeka. Na aliyeumia hapaswi kurudishwa mchezoni siku hiyo."

Tangu siku ile binti alimchukia nahodha, ambaye tangu utotoni alimwita baba mdogo, na hakuficha.

Siku ya mazishi akawaambia wajomba zake: "Baba mdogo akianza kile kichekesho chake cha benchi, namnyang'anya kipaza sauti." Alitaka kitu kimoja tu. Baba yake azikwe na ukweli wake.

Nahodha akasimama, mvi kichwa kizima. Akautazama umati. Akatazama getini.

"Jamani, tuvute subira kidogo," akasema. "Nyundo hajafika."

Watu wakacheka kidogo. Mke wa nahodha akainuka mbio. "Mnamjua kwa utani huyu!"

Binti alikuwa tayari amemfikia. Aliyaona macho yale, yanayotafuta jibu kwenye nyuso za wengine. Alikuwa ameishi nayo miaka tisa. Akachukua kipaza sauti hata hivyo.

"Baba yangu aliugua Alzaima miaka tisa," akasema. "Aligongwa kichwa, mkamrudisha uwanjani, mkacheka. Na baba mdogo hapa hatanii."

"Unamwaibisha baba yako mdogo msibani!" mke wa nahodha akafoka.

"Aibu gani, mama mdogo? Mpeleke hospitali."

"Mume wangu haumwi!"

Akamshika mkono mumewe, wakaondoka kabla ya mazishi kwisha.

Nilimuuliza binti kama amemsamehe nahodha. "Wapi!" akanijibu. "Lakini niliyoyaona kwa baba simwombei mtu. Hata yeye."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mjane wa Nyundo, kwa bintiye na kwa ukoo mzima. Klabu, pole zenu tumezisoma, na uongo wake tumeurekebisha. Na wewe mwalimu wa michezo, wewe mzazi unayeshangilia pembeni, mtoto akigongwa kichwa mtoe nje, hata kama ni fainali. Kombe litachezwa tena mwakani.

Binti amenipigia leo asubuhi. Anasema nahodha bado hajapelekwa. Mama mdogo, najua redio yako iko wazi, kipindi hiki hukikosi. Kasirika ukitaka, nitukane ukitaka. Mpeleke. Na daktari akimuuliza leo ni siku gani, wewe kaa nje.