Mama Vichwa, Aliyelala Kambini Siku ya Sensa

Afisa wa takwimu wa kaunti yetu anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja kazini. Kwenye barua za ofisi ana cheo kirefu. Huku kwenye kambi ya machimbo ya mawe anaitwa Mama Vichwa, kwa sababu kila akija anahesabu vichwa vyetu. Jina hilo analijua, na ukimwita anaitika.

Jarida la wafanyakazi liliomba kila idara iandike machache juu yake. Idara ya barabara ilitutupia sisi vibarua wake wa machimboni kazi hiyo, na hatukukataa.

Alianza kazi kaunti ikiwa changa, imemegwa juzijuzi kutoka kaunti kubwa ya jirani, na wakubwa wa huko hawakutoa hata kiti. Ofisi za kwanza zilikuwa ghala la pamba lililoachwa. Mvua ikinyesha, mhasibu na mhandisi walibanana kwenye meza moja, ile iliyokuwa chini ya bati zima. Yeye alipewa chumba cha mizani. Wakulima walikuwa bado wanaingia na magunia yao kwa mazoea, wanamkuta binti na kalamu, anawauliza wana watoto wangapi. Wengi walijibu kabla hawajakumbuka kukasirika.

Kaunti yote aliizunguka, kwanza kwa baiskeli, halafu kwa pikipiki iliyosukumwa zaidi ya ilivyoendeshwa. Si malaika. Ana maneno makali, na aliwahi kumrudisha mkuu wa idara mlangoni kwa sababu idadi ya shule alikuwa ameikisia akiwa kitini. Lakini kaunti anaijua: bondeni nyanya na vitunguu, mlimani mifugo, hapa katikati mawe. Ushuru wa mawe na wa soko ndio mapato yetu wenyewe, na haufiki hata nusu ya mishahara. Kinachobaki kinatoka hazina kuu, na hazina kuu inagawa kwa kuangalia idadi ya watu. Watu wachache, mgawo mdogo. Hilo alilirudia kila mkutano, mpaka diwani mmoja akamwomba kwa heshima zote kwamba siku moja aanze na salamu.

Sensa ile ya kabla ya hii ya mwisho ilitutia aibu. Kaunti ilionekana imepungua watu, wakati soko limefurika na vyumba vya kupanga havipatikani. Mgawo ukakatwa. Hospitali iliyokuwa imefika usawa wa madirisha ikasimama, na mbuzi wakahamia wodi ya wazazi. Mwanamke akishikwa na uchungu ilibidi apelekwe kaunti ya jirani, kwa barabara tunayoijua sisi tunaoiziba mashimo. Mke wa mpishi wetu alijifungulia njiani. Mtoto hakuishi.

Mama Vichwa alikuja kambini kumpa pole mpishi. Alipomaliza akatuuliza sensa ilipopita tulikuwa wapi. Tukamwambia ukweli. Tulikuwa hapa hapa, lakini makarani walipofika tulisema sisi ni wapita njia, tumeshahesabiwa kwetu. Kila mmoja alikuwa ametuma neno nyumbani: karani akija, nitajeni. Mtu aliyekaa mbali miaka mingi anaogopa sana kusikia kwamba nyumbani kwake watu wametajwa wote, yeye hayumo. Basi machimbo yote, watu elfu kadhaa, tulikula hapa, tukaugua hapa, tukahesabiwa kwingine. Hospitali tuliizuia wenyewe bila kujua.

Hakutukaripia. Aliomba maji, akanywa, akaenda zake.

Sensa iliyofuata ilipokaribia akawa anakuja kila wiki. Mabishano yalikuwa moto. Mpasua mawe mmoja, mzee wetu, alimwambia, "Mama, ukiniandika huku, mke wangu atasema nimeoa." Akamjibu, "Baba, sensa inauliza umelala wapi. Haiulizi utazikwa wapi." Tulicheka mpaka machozi, na bado hatukukubali. Mwingine akamchokoza kwamba hayo ni rahisi kwa mtu anayelala kwa mumewe kila siku. Hapo akafunga daftari lake, akapanda pikipiki. Alipoondoka tulipongezana, tukijua tumemweza.

Jioni ya siku ya sensa akashuka kwenye pikipiki na godoro lake. Akatangaza kwamba leo yeye ni mtu wa kambi, na karani atamwandika hapa. Mumewe, seremala, kaachwa ahesabiwe peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne. Akatandika godoro bandani kwa mke wa mpishi.

Karani alipofika asubuhi yake, wa kwanza kujitokeza alikuwa yeye. Alijibu kila swali, na walipofika kwenye swali la choo alieleza hali ya choo chetu bila kutuonea haya. Wa pili alikuwa mpishi. Wa tatu yule mzee, akinung'unika kwamba sasa lazima apige simu kabla umbea haujamtangulia. Akapiga. Mama Vichwa akaiomba simu, akamweleza mke wa mzee habari yote kutoka mwanzo. Mke akauliza tu kama mume wake anakula vizuri. Baada ya hapo ikawa foleni. Watu wa machimbo mengine wakasikia, nao wakapanga foleni.

Matokeo yalipotoka, kaunti ilikuwa imepanda kuliko majirani wote, na ile kubwa iliyotunyima viti tukaipita kwa kasi ya kukua. Mgawo ukaongezwa. Mbuzi walifukuzwa wodini, hospitali ikaezekwa, na kokoto za barabara yake tulizimwaga sisi. Hakuna kazi tuliyowahi kuifanya kwa haraka vile, hata msimamizi alidhani tumeahidiwa kitu. Miezi mitatu iliyopita mke wa mpishi aliingia wodi ile kwa miguu yake na akatoka amebeba mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha kambi. Mama Vichwa alikuja kumwona. Alimpakata, akamtazama, akasema, "Na huyu wa hapa." Mpishi alikubali kwa kichwa.

Mama, kwa niaba ya wapasua mawe, wabeba kokoto, wapishi na wake zetu walio mbali, asante. Sensa ijayo hutakuwa ofisini. Usiwe na wasiwasi: karani atakayekuja atatukuta, na atapata majina yetu bila kubembeleza mtu. Nenda ukapumzike. Uwe na afya, uwe na furaha, na miaka yako ya kustaafu iwe mingi kuliko ya kazi.