Ponsami Goundar, Kipa wa Waidamu, 1958–2019

Ndugu zetu wa Waidamu, wageni wetu mliovuka mto kutoka Vunisei, majirani, na ninyi wachezaji wa zamani mlioketi kwenye mikeka pale uani, mimi ni Velaidan, mdogo wake marehemu, na shemeji yangu Sarda ameniomba nisome maisha ya mumewe kama yalivyokuwa, bila kuyatia chumvi na bila kufunika kombe.

Marehemu Ponsami Goundar alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika mashamba ya miwa ya Waidamu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Kuppan Goundar na mama Letchmi, na jina lake alipewa na babu yetu, aliyeletwa Fiji kwa meli kutoka India kukata miwa ya wengine na akafa akikata ya kwake. Alianza Shule ya Msingi Waidamu mwaka 1965, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1975, ambako alifeli hesabu, na mwalimu wake alikuja hadi nyumbani akamwambia baba mbele yetu sote, "Mzee Kuppan, mikono ya huyu ina akili kuliko kichwa chake," neno ambalo tulilicheka miaka mingi, na ambalo leo nalisoma kwa shida.

Mwezi Juni 1976 aliajiriwa na kiwanda cha sukari, kwenye mzani wa kupimia malori ya miwa, na ni mwaka huohuo wilaya yetu ilipoamua kujenga uwanja wake, kila ukoo ukatoa watu wa kusomba mawe mtoni, Wahindi na Wafiji wenyeji kwenye lori moja, na marehemu alisomba mawe ya jukwaa la magharibi kila baada ya zamu. Uwanja wa Waidamu ulifunguliwa Oktoba 1977 kwa Mashindano ya Wilaya, ambayo tulitolewa mapema na yeye akiwa kipa wa akiba, lakini kuanzia mwaka 1980 goli lilikuwa lake, na mwaka 1982 tulipochukua kombe kwa mara ya kwanza watu walipanda juu ya bati la jukwaa hadi likabonyea, na halikunyooshwa tena mpaka kimbunga cha mwaka 1993 kilipolibeba lote.

Tarehe 21 Mei 1983 alimwoa Sarda Wati, binti wa msimamizi wa wakata miwa wa upande wa kilimani, mwanamke ambaye hakuupenda mpira wala hakujifanya kuupenda, na walijaliwa watoto wawili, Pranila, aliyezaliwa mwaka 1984 na ambaye sasa ni muuguzi Auckland, na Roneel, aliyezaliwa mwaka 1987, mwaka ambao nchi ilitikiswa na mapinduzi ya kijeshi, Mashindano ya Wilaya hayakuchezwa, na nusu ya timu yetu ikahamia ng'ambo. Shemeji alimsihi nao waondoke, kwa kuwa ndugu zake walikuwa tayari kuwapokea, naye akamjibu, "Mama Pranila, wakiondoka washambuliaji timu inafungwa, akiondoka kipa timu inakufa," wakabaki.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye fainali ya Jumapili tarehe 9 Oktoba 1988, iliyochezwa hapa kwetu dhidi ya Vunisei, ambayo kila mtu mzima aliyeko hapa anadai kuwa aliiona. Mvua ilikuwa imenyesha, kipindi cha pili, Vunisei wakapiga kona, marehemu akatoka kuufuata mpira, na mshambuliaji wao, Isikeli Vatubua, naye akaruka, goti lake likampata marehemu juu ya sikio, akaanguka na hakutikisika. Mimi nilikuwa nyuma ya goli, nikaona kiongozi wa timu, ambaye naye ameshafariki, akimmwagia maji usoni na kumuuliza, "Ponsa, tunacheza mechi gani?" naye akajibu, "Nusu fainali." Wachezaji walitazamana. Kiongozi akasema, "Si mbali, msimamisheni," wakamwinua wakampa glavu zake, nasi tukapiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza. Alicheza hadi mwisho, akapangua penalti, tukashinda bao moja kwa bila, akabebwa juujuu hadi sokoni.

Jambo ambalo wengi hamkulijua ni kwamba marehemu hakuikumbuka mechi ile hata siku moja. Kesho yake asubuhi alimuuliza mkewe fainali inachezwa saa ngapi, na yote aliyowahi kuwasimulia juu ya penalti ile, kwenye arusi na kwenye bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, alikuwa ameyasikia kwenu, akayashona pamoja mpaka yakawa yake. Aliumia kichwa tena mwaka 1990, na tena mwaka 1992, na kila mara alisimamishwa au alisimama mwenyewe, akitania kuwa kichwa cha kipa ni mlingoti wa tatu, hadi alipostaafu mpira mwaka 1994.

Ugonjwa ulianza kuonekana mwaka 2008, akiwa na miaka hamsini tu, pale mzani ulipoanza kumshinda na malori kupanga foleni hadi barabarani, na mwaka 2010 kiwanda kilimstaafisha kwa heshima. Yeye aliyekuwa mpole akawa mtu wa hasira za ghafla, na shemeji ameagiza nisome hapa, nami nasoma, kwamba mumewe alimpiga, zaidi ya mara moja, na kwamba yapo majira ambayo mlango wa nyumba hii ulifungwa kwa nje ili asipotee, na mliosikia akigonga mkadhani tunamtesa, kugonga mlikusikia sawa, ila hamkujua sababu. Daktari wa Suva, alipomwona mwaka 2012, aliuliza maswali mengi juu ya mpira, kisha akasema ubongo wake ulikuwa umechakaa kama wa mzee sana, na kwamba mapigo yale ya kichwa, na kurudishwa uwanjani kabla hayajapoa, ndiyo aliyoyaona kuwa chanzo.

Habari hizo zilivuka mto, na mwezi Aprili 2013 Isikeli Vatubua alikuja na wazee wawili wa kwao, akaketi chini mlangoni, akaweka jino la nyangumi mbele ya shemeji kama desturi yao inavyotaka anayeomba radhi. Shemeji alimwambia, "Wewe uliruka kuufuata mpira, kama yeye. Waliomsimamisha ndio ninaowangoja, na hawajaja." Lakini alilipokea jino, na ndipo marehemu alipotoka chumbani, akamtazama mgeni, akamshika bega akidhani ni beki wa timu yake, akasema, "Mtani, leo yule mshambuliaji wa Vunisei usimwachie nafasi, ana goti baya." Isikeli, machozi yakimtiririka, akajibu, "Nitamkaba mimi, mtani, wewe kaa golini."

Tangu siku ile Isikeli alikuja kila juma, akamwogesha, akamnyoa, akatembea naye jioni kuuzunguka uwanja, na akaonywa kila jioni juu ya goti la mtu yuleyule. Kwenye nusu fainali ya mwaka 2015 marehemu alituponyoka, akaingia uwanjani na nguo za kulalia mchezo ukiendelea, akasimama golini akiwapanga mabeki waliokwisha kufa, vijana jukwaani wakacheka na kumpiga picha, hadi Isikeli alipoingia akamshika mkono, akamwambia, "Mapumziko, mtani, twende tukanywe maji," wakatoka pamoja taratibu, na kicheko kikaisha chenyewe.

Miaka miwili ya mwisho hakumjua mkewe wala wanawe, na tangu Julai mwaka huu alishindwa kumeza, shemeji akawa anampa maji ya wali kwa kijiko, hadi mapafu yalipojaa, akafikishwa hospitali ya wilaya, ambako alifariki alasiri ya Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka sitini na moja.

Leo jioni Mashindano ya Wilaya yanafunguliwa hapa kwetu, na chama cha mpira kiliomba mwili uzungushwe uwanjani ili fainali ya 1988 isimuliwe kwa vijana. Shemeji amekataa. Amewaambia viongozi, "Mnataka kuwasimulia penalti. Wasimulieni lile jibu la nusu fainali, mwape na ahadi kwamba anayepigwa kichwani anatoka, hata ikiwa fainali, ndipo mje kumchukua." Walisema watakaa kikao, na hadi ninaposoma hapa hawajarudi, kwa hiyo tutapita njia ya mtoni moja kwa moja hadi mahali pa kuchomea maiti, na Roneel, kwa desturi yetu Wahindi, atamwashia baba yake moto.

Familia inawashukuru daktari wa Suva aliyetuambia ukweli, wauguzi wa wodi ya wanaume, wafanyakazi wenzake wa mzani, majirani mliomrudisha nyumbani kila alipopotea, na wake wa majirani mlioleta mikate ya roti na mihogo bila kuombwa. Kwa Isikeli hatuna neno linalotosha, ila shemeji anaomba aketi huku ndani pamoja na wafiwa, na tukinyanyua jeneza ashike mbele, upande wa kichwa.

Kaka Ponsami, umechoka kwa muda mrefu mno, na sisi tulikuwa tunapiga makofi. Kalale sasa, upumzike kwa amani.