Kasha la Arobaini na Moja

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bi Kokoto, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuguzi. Alianza shule ya msingi mwaka 1976. Mwalimu alimkuta analamba jiwe, akamwita mama. Mama aliuliza tu kama lilikuwa safi.

Alipata shahada ya jiolojia mwaka 1993. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama miaka thelathini juu ya makasha ya vipande virefu vya mwamba uliochimbwa ardhini, akilamba mawe vilevile, maana jiwe likilowa huonyesha nyufa zake. Miaka sita ya mwisho alitafiti kama hewa ukaa inaweza kufungiwa kwenye tabaka la makaa ya mawe, chini kabisa, chini ya nyumba za watu.

Aliolewa mwaka 1997 na mwalimu wa hesabu. Shemeji husema walielewana kwa kuwa wote wawili ni wabishi.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Jumapili tarehe 9 Juni, wodini, akipitia picha za makasha, aliona kosa lake mwenyewe. Kwenye kasha la arobaini na moja aliandika "juu" upande ambao mishale aliyoichora mchimbaji kwenye mwamba ilionyesha chini. Kwa hiyo ufa uliodhaniwa uko chini ya makaa ulikuwa juu yake, kwenye mwamba unaotegemewa kuwa mfuniko wa kuzuia hewa isipande. Na pampu ya kusukuma hewa hiyo ardhini ilikuwa ifunguliwe Alhamisi.

Alimpigia mkuu wa mradi, akaambiwa apumzike, ni dawa hizo. Akamgeukia mdogo wake, huyu anayewasomea.

"Si dawa. Nimekosea mimi. Nenda kaligeuze."

Mdogo wake naye, Mungu amsamehe, alidhani ni dawa. Jumatatu nzima hakwenda. Jumanne dada alikataa hata maji mpaka aahidiwe, ndipo akaenda.

Ghalani, yeye na mtunza makasha waliligeuza kufuata mishale, wakalilowesha. Ufa ulikuwa juu, kama alivyosema. Mkuu wa mradi aliitwa, akatazama, akaagiza pampu isifunguliwe. Mdogo wake akapiga simu wodini mbio mbio. Alipokea shemeji. Dada alikuwa amefariki saa nane na dakika kumi, akiuliza kama simu imeita.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mdogo wake.

Tumeligeuza, dada. Ulisema kweli. Pumzika kwa amani.