Akilia Anakuwaje

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliotufikia kwenye msiba huu, haya mnayosomewa na mdogo wake marehemu nimeyasema mimi mama yao, kwa sababu shule sikuiona hata kwa mlangoni, yeye akaandika, nami nimemkataza asininyooshee maneno, kwani huyu tunayemzika leo maisha yake hayakunyooka, na mkimsikia msomaji anasita kidogo mvumilieni, anamlilia dada yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1979, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na karakana ya reli, akiwa mtoto wangu wa kwanza kati ya wawili, na mkunga alipompokea aliniambia, "Mama, huyu kaja amefumba ngumi, kuna kitu kashika hataki tukione," tukacheka, hatukujua kuwa ni mkono ule ndio utakaomlisha na ndio utakaomtesa. Kabla hajajua kusema sawasawa alikuwa akiiba mkaa jikoni na kuchora ukutani, ndipo mkamwita Mkaa, na jina la cheti likasahaulika. Mwenye nyumba alikuja siku moja amevimba kwa hasira kwamba kuta zake zimechafuliwa, akakuta amechorwa yeye mwenyewe, tumbo mbele, funguo mkononi, akasimama pale akijitazama, akavuta tumbo ndani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani mimi niko hivi?" nikamwambia, "Baba, mtoto hana uongo," na tangu siku hiyo ukuta ule akakataza usipakwe chokaa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1986 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya tangi la maji, na huko alichapwa sana kwa kuchora badala ya kunakili, mpaka mwalimu wa sayansi, mama mmoja mkali ambaye hata walimu wenzake walimwogopa, alipomnyang'anya daftari akakuta mguu wa panzi umechorwa na miiba yake yote, akautazama, akamwambia, "Simama, nenda kauchore ubaoni, na ole wenu atakayeufuta kabla sijaruhusu." Alimaliza sekondari mwaka 1997, akaenda kujifunza kazi kwa Fundi wa Mabango, ambaye kibanda chake kilikuwa kati ya kinyozi na fundi saa, na huyo ndiye aliyemfundisha kuushika mstari, na mimi nilipompelekea mwanangu chakula cha mchana nilimsikia kwa masikio yangu akimkaripia, "Mkono una mazoea kama punda, binti, ukiuachia kamba utakurudisha njia ileile ya nyumbani, wewe unataka kwenda sokoni wenyewe unakupeleka zizini." Maneno hayo yawekeni akilini, nitayarudia.

Mwaka 2000 aliajiriwa katika nyumba ya uchapaji, akichora picha za vitabu vya watoto, kuku, vikombe, majembe, watoto wanaokwenda kisimani na kurudi wakicheka, na hapo ndipo mpiga chapa mmoja alipoanza kuzichapa picha zake kichwa chini miguu juu, kila wiki, ili binti yangu ashuke chini kwenye mashine kumgombeza, naye akimgombeza anajibu, "Samahani dada, mimi sijui juu ni wapi, nionyeshe tena," na walipooana tarehe 23 Agosti 2003 nilimwambia mkwe wangu, "Sasa umeonyeshwa, usiulize tena."

Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume tarehe 14 Juni 2005, tukamwita Kifutio, kwa kuwa alitambaa akiwa na kifutio cha mama yake mkononi, akalala nacho, akakitafuna, ukimnyang'anya nyumba nzima haikaliki. Alikuwa mtoto wa kucheka, mashavu yana vishimo viwili, macho yakipotea kabisa akicheka, na mama yake alimchora kila siku, juu ya bahasha, juu ya kalenda, pembeni mwa gazeti, daima anacheka, kwa sababu akianza kulia mama huwa ameshaitupa penseli amembeba. Nani mwenye kalamu atakaa amchore mwanawe analia? Picha ya kamera tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya mtoto mchanga aliyeviringishwa shali mpaka kidevuni, na nilipowaambia wampeleke studio mkwe wangu alinijibu, "Mama, mwenye kisima anaenda kuomba maji kwa jirani?"

Jumamosi ya tarehe 7 Novemba 2009, jioni, marehemu alikuwa kwenye duka la vifaa vya shule, barabara inayotoka uwanja wa mpira kwenda stendi ya mabasi, akamwachia mtoto mkono ili ajaribu ncha ya penseli kwenye ukucha kama ilivyokuwa desturi yake, na wakati huohuo mpira ulikuwa umekwisha, watu wamemwagika barabarani kama mchanga, na alipogeuka mtoto hayupo. Hayo tu ndiyo tunayoyajua. Mwenye duka alitoka akaita, wauza viatu wakaita, barabara nzima ikaita jina la kifutio, na wapo waliodhani ni mtu anauza vifutio.

Pale kaunta ya polisi walimwambia, "Mama, lete picha," akasema, "Nipeni karatasi," akamchora amesimama, na askari waliacha kazi zao kumtazama, mmoja akasema, "Huyu ukimwita anaitika," na mkwe wangu akaikimbiza kiwandani ikachapwa, kufika asubuhi uso wa mjukuu wangu uko kwenye kila nguzo, kila kibanda, kila dirisha la tiketi. Ulikuwa unacheka. Vishimo viwili, macho yamepotea. Mkono ulikuwa umemrudisha njia ya nyumbani, na katika sisi sote tulioibandika karatasi ile hakuna hata mmoja aliyejiuliza, mtoto aliyepotea anacheka nini?

Wiki zilipita hatupati neno, marehemu akawa anazunguka stendi dirisha hadi dirisha, mpaka siku moja, nami nimemsindikiza, mbele ya mkata tiketi wa mabasi ya mbali nguvu zikamwishia, akalia, alikuwa hajalia tangu siku ile, mdomo ukawa mraba, kidevu kikajikunja kama ganda la chungwa, na yule mkata tiketi akainuka kwenye kiti akashika kichwa. "Dada," alimwambia, "uso huo nimeuona. Kuna mtoto aliburutwa hapa jioni ile ya mpira, analia hivyohivyo, na mwanamke aliyemshika akasema ni mwanawe, kamnyima soda, wakapanda basi la mwisho." Tukamuuliza, mama, karatasi si hiyo hapo, imebandikwa kwenye kioo chako? Akaitazama, akatutazama, akasema, "Hii naiona kila siku, nafungua naiona, nafunga naiona, lakini huyu wenu ana uso wa mduara na vishimo, yule uso wake ulikuwa mrefu, hana kishimo hata kimoja, mimi ningejuaje kuwa ni mmoja? Mpaka ulipolia wewe ndipo nimemwona mtoto." Mama huyo yupo hapa leo, hana kosa, Mungu anajua hana kosa.

Kesho yake marehemu alijifungia na kioo, akawa analia na kujichora, analia na kujichora, na kutoka kwenye uso wake akautoa uso wa mtoto anayelia, nami nilipouona nilipiga yowe, maana ni yeye, ndiye yule niliyekuwa nikimnyamazisha, lakini ulipochapwa basi lilikuwa limeshakwenda na kurudi mara nyingi, na huko mwisho wa safari waliokuwa wamemwona walikuwa wameshasahau. Tangu hapo marehemu hakuchora tena uso unaocheka. Mkubwa wake wa kazi alimwita akamuuliza, "Watoto wa vitabu vyangu wana msiba gani? Chora wanaocheka," akamjibu, "Wanaocheka hawatafutwi," akafunga mkoba wake, akarudi kwenye kibanda cha Fundi wa Mabango, ambaye alikuwa ameshazeeka, na mzee akamsogezea kigoda bila kuuliza.

Huko kibandani ndiko wengi wenu mlikomfahamu, kwa kuwa habari zilienea, na kila aliyepotelewa na mtu wake akaja, na swali lake la kwanza kwa kila mzazi halikuwa ana urefu gani wala amevaa nini, lilikuwa, "Akilia anakuwaje?" na akina mama walijibu hapohapo kama wanaosoma, akina baba wakatazama chini. Wanne walipatikana kwa mkono wake, wamo humu ndani, na kila mmoja alipopatikana marehemu alikuja kwangu akafurahi, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa.

Na kila tarehe 14 Juni alimchora Kifutio upya, nyuso mbili, mmoja umetulia na mmoja unalia, kwa umri wake wa mwaka ule, kwa sababu alisema mtoto anakua na karatasi haikui. Ndiyo maana mlimwona akiwakodolea macho watoto wa watu mkamwita mwendawazimu wa karatasi, niliwasikia, nimewasamehe. Huyu anayewasomea alishikwa taya kila mwaka, "Kaa hapa, mjomba mtu, nione mfupa umefika wapi," na mimi nikaulizwa pua ya mdogo wake ilianza lini kupanda, meno ya mbele yalikaa vipi, sauti ilipoanza kuwa nzito shingo ilifanyaje, nikajibu ninachokumbuka, na nisichokumbuka nilikibuni, maana ningemwambia sikumbuki angekufa siku hiyohiyo.

Mwaka 2014 mume wake alimwambia mbele yangu, "Mke wangu, tuweke matanga, tulie, tumalize," akamjibu, "Ukimlilia kuwa amekufa, nani atamtafuta?" Akasema, "Mimi sura yake halisi imenitoka, naona karatasi zako tu." Hapo marehemu alitia penseli mdomoni, akaitafuna mpaka chai ikapoa, na kesho yake mkwe wangu akaondoka na begi moja, nami simlaumu, kila mtu ana kipimo chake cha maji. Amekaa pale mlangoni, jamani, msogezeni karibu.

Ugonjwa wake ulianza mwaka 2021 kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kikawa kinacheza chenyewe, na daktari wa mishipa ya fahamu alimpa karatasi achore mduara unaojizungusha kama konokono, ndicho kipimo chao, akauchora, akautazama, akasema, "Usihangaike kunificha, daktari, mstari umeshaniambia." Alifunga penseli kwa kitambaa, akaifunga kwenye kiganja, akajaribu wa kushoto, akajaribu kuegemeza kifundo kwenye chupa, na msiniulize mama aliyeyaona hayo alikula nini miaka ile.

Tarehe 14 Juni mwaka huu 2024 Kifutio alitimiza miaka kumi na tisa, na safari hii nyuso mbili hazikuwezekana, uso mmoja tu, ule uliotulia, ulimchukua mama yake mpaka Septemba, mstari hadi mstari, ukabaki mdomo, akaniambia, "Mama, nishikie mkono." Mimi ambaye sijawahi kushika penseli nikamshika, wake unatetemeka, wangu umezeeka, tukauchora mdomo, nao ukatoka umepinda upande mmoja, umepanda, kama wa mtu anayetaka kucheka. Nikasema tuufute. Aliutazama sana, akasema, "Mama, huyo simjui," mimi machozi, kisha akasema tena, "Uache. Huenda ndivyo alivyo."

Aliingia hospitali na homa ya mapafu tarehe 29 Septemba, akafariki dunia asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2024, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na kidole kile kikawa kimetulia. Nyie mnalia mwenzenu amekwenda, mimi nalia mara mbili, maana mwakani tarehe 14 Juni mjukuu wangu atatimiza ishirini na hakuna atakayejua uso wa ishirini ulivyo, kuanzia leo mtoto huyu atakua peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimchongea penseli bila kuambiwa, tunawashukuru majirani kwa maji, viti na mabega yenu, wafanyakazi wenzake wa uchapaji, warithi wa kibanda cha Fundi wa Mabango, na mama mkata tiketi ambaye kwa miaka yote hii kioo chake hajakiwekea tangazo lingine. Pale mlangoni mtakuta karatasi, ni ule uso wa mwisho, aliyeuchapa jana ni mkwe wangu, na safari hii hakugeuza kichwa chini, naomba kila mmoja achukue moja, aibandike anapoishi, na akikutana na kijana wa umri huo asimtazame akicheka tu, amtazame hata siku atakayolia, na kama hafanani na karatasi, amuulize hivyohivyo alikotoka.

Nawe Mkaa, mwanangu, kilale hicho kidole, upate amani uliyoikosa. Kutafuta tumebaki sisi.