Muuguzi Aliyefungisha Maduka ya Manundu

Sijawahi kumwambia mtu, hata rafiki yangu wa dawati moja: baba yangu, Mathias, alikuwa mraibu wa kokeini, na mimi niliamini nimezaliwa na ugonjwa wake. Nisiposema hilo siwezi kumweleza Muuguzi Bernadina Semboja, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mitatu kazini, kwanza wodi ya wazazi Handeni, kisha kliniki ya waraibu hapa Korogwe. Wenzake wameniomba niandike kwa niaba ya familia.

Baba alitibiwa hapo, akaacha, akakaa vizuri miezi kadhaa, akarudia. Shangazi Hosiana akatangaza, "Damu imeshaoza hiyo. Mwacheni."

Mama Bernadina hakubishana. Alitupeleka mimi na Shangazi kwenye maduka ya Manundu, akiwa na sare yake nyeupe. Wenye maduka kuiona tu, wakadhani ni ukaguzi wa bwana afya. Milango ikafungwa, paa! paa! Mama lishe mmoja akatimua mbio na sufuria ya maharage. Mama Bernadina alicheka mpaka akashika ukuta.

"Haya Hosiana, maduka yamehama?"

"Yahamie wapi? Si yamefungwa tu!"

"Basi jeni za Mathias ndivyo zilivyo. Ni zilezile alizozaliwa nazo. Kokeini imefunga baadhi na kufungua nyingine kwenye ubongo. Yenyewe ikitoka mwilini, milango inabaki hivyo muda mrefu. Ndiyo maana ni rahisi kurudia. Kufungua upya ni kazi ya polepole, tena ya watu wengi."

Shuleni nasoma jeni kwa Kiingereza. Swali langu lilitoka kwa Kiswahili, tena kwa kunong'ona: na mimi je?

"Unaweza kuwa na hatari kubwa kuliko mwenzako, mwanangu, sikufichi. Ila kokeini hujaigusa, na hakuna aliyeamua kwamba utaigusa."

Usiku ule nililala usingizi. Jumatatu, Shangazi mwenyewe alimrudisha baba kliniki. Leo baba anachomelea vyuma Old Korogwe, na siku ngumu bado zipo, lakini anazisema.

Kila baba alipopita nilikuwa naufunika ukurasa huu kwa mkono, maana jina lake limo. Sasa nasikia ndala zake zinaukaribia mlango. Nimeutoa mkono. Asome.

Asante, Mama. Kapumzike vizuri kwenu Lutindi, na afya isikupungue. Wanaokuombea heri ni sisi, familia ya Mathias Mdoe.