Mtu wa Sita wa Kubeba Jeneza

Kaeni, wanangu. Nazar, zima hiyo redio. Orysia, acha kunipangusa uso, sijamwagikiwa na kitu. Na wewe Vira, mke wa mwanangu, funga mlango usimame mbele yake, maana nyumba hii niliijenga mwenyewe na najua kuta zake zinavyopitisha maneno. Jana mchana mlidhani nimelala, mkawa jikoni mnahesabu watu wa kubeba jeneza langu, na Vira akapima mlango kwa kamba aone kama litapita. Litapita, niliupima mimi. Watano mmewapata kwa taabu, kwa sababu vijana wote wako Poland wanachuma matunda, na kuhusu wa sita nikamsikia Nazar akisema, "Baba mdogo Demyan amejitolea. Anasema atabeba." Nakataa. Na kabla pumzi haijaniishia nitawaeleza kwa nini, msije mkasema mzee alikuwa amechanganyikiwa.

Kwanza mali. Nyumba na bustani ni vya Nazar. Ng'ombe Zirka ni wa Orysia, na wewe Nazar usimnunie dada yako, nimeona unavyomtazama huyo ng'ombe. Ramani iliyo ndani ya bomba la bati juu ya kabati asiiguse mtu mpaka nizikwe. Ile ni wilaya yote ya Zadubsk kwa mkono wangu: mji mmoja, mabaraza kumi na tisa ya vijiji, vijiji sitini na vitatu, misitu kaskazini, mashamba ya ngano kusini, na magharibi mto Sukhivka, uliokuwa mpaka wetu na wilaya ya jirani. Miaka thelathini na minne nilikuwa mpima ardhi wa wilaya, na kila kijiji nimekikanyaga kwa miguu yangu, hata Hlynky chenye nyumba nne, kilichonisumbua kuliko mji mzima. Apewe Orysia. Yeye husoma karatasi kabla ya kutia sahihi.

Sasa Demyan. Mnajua mdogo wangu alioa ng'ambo ya mto, akawa mwenyekiti wa baraza la kijiji huko, katika wilaya ya watu. Mnajua pia tulikosana kwa ajili ya malisho yaitwayo Kosa, kwenye ukingo wetu wa mto, pale marehemu baba alipoweka mizinga yake ya nyuki. Sheria ilisema mpaka ni katikati ya mto. Theluji ilipoyeyuka mwaka wa sabini na tisa yakaja mafuriko, na maji yaliposhuka mto ulikuwa umehamia upande wetu, na Kosa lote, mizinga na mti wa mpea, likabaki upande wake. Nikaenda na mnyororo wangu wa kupimia. Mto ulikuwa umekata kona ya nyuzi tisini. Nimepima mito maisha yangu yote, wanangu, na maji hayakati kona namna ile bila kusaidiwa. Na majira ya baridi yaliyotangulia, trekta la shamba lao la ushirika lilikuwa eti bovu kwa wiki tatu, na hakuna aliyetaka kuniambia lilikuwa wapi. Nikamwuliza Demyan mbele ya wakubwa wa wilaya zote mbili. Akanijibu, "Kaka, mto haukuniomba ruhusa." Watu wakacheka. Nikaapa sitamwita ndugu tena.

Miaka minne baadaye mama akafariki. Hili hamlijui, mlikuwa wadogo. Kwetu jeneza hubebwa na watu baki waliofungwa kitambaa cheupe mkononi, na wenye damu hufuata nyuma wakilia. Demyan alikuja akavua kofia, akasimama karibu nami nyuma ya jeneza. Nami nikawaambia wabebaji, kwa sauti ya kusikiwa na kijiji kizima, "Huyu ni mtu wa wilaya nyingine. Mfungeni kitambaa, abebe." Nilidhani atageuka aende zake. Akanyoosha mkono, akafungwa. Akambeba mama yake mzazi kama mtu wa kukodiwa, kilomita mbili za tope, nami nyuma namtazama shingo, na nilifurahi. Mungu anajua nilifurahi.

Mwaka jana wakuu wakazifuta wilaya, yetu na yake, zikatiwa ndani ya wilaya moja kubwa. Nilimpigia simu karani wao kuuliza habari za mpaka wa Sukhivka, akaniuliza, "Mpaka upi, mzee?" Wiki ileile Demyan akaleta kopo la asali. Nikazidi kumshuku. Mtu akuletee asali baada ya miaka arobaini na moja, bila kutaka kitu? Nikaipaka kwenye mkate nikampa jogoo kwanza. Jogoo yuko hai, mnamsikia. Ilikuwa asali ya Kosa, naijua ladha yake. Niliila peke yangu mpaka ikaisha, ndiyo maana hamkuiona.

Tangu jana najiuliza anatafuta nini kwa kunibeba. Nikadhani anataka kuhakikisha nimekufa. Nikadhani anataka kunilipizia mbele za watu. Leo asubuhi, Orysia akininywesha supu, nikaelewa. Hatafuti kitu. Anajua tu kwamba hapo ndipo mahali pake. Mimi ndiye niliyempangia.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Alichimba. Bado nasema aliuchimbia mto njia. Lakini msimwulize, hata nikishazikwa, msimwulize. Tafuteni mtu mwingine, na mkimkosa, nivuteni kwa mkokoteni wa nyasi. Mkinitoa, gongeni jeneza kizingitini mara tatu, kama tulivyomfanyia mama. Mnilaze kando ya mama yenu. Mungu awape afya, awape mkate, msinuniane... msinuniane kama sisi.

Orysia, sogea. Vitambaa utavigawa wewe. Demyan atakuja mapema, ndivyo alivyo. Atanyoosha mkono... Usimfunge. Ushike mkono huo, umlete nyuma, asimame kati yako na Nazar. Akiuliza... mwambie, "Kaka yako amesema... wewe hubebi."